Aliyelijeruhi Ini la Mama Mapazia

"Mchana huu namfungua tena," daktari wa upasuaji alisema, hata salamu hakuitoa. "Nimekuita uangalie, usije ukasema hukuambiwa."

Aliyeambiwa maneno hayo alikuwa daktari wa magonjwa ya ini, mwanamke mfupi, mchache wa tabasamu, ambaye wauguzi walimbandika jina la Afande kwa sababu hakuwahi kumwuliza mtu swali moja akatosheka. Hospitali ikipata ugonjwa usio na mwenyewe, aliitwa yeye. Alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda, akatulia. Watu wa upasuaji hawajui kukaa, na utulivu ule uliwachoma kila alipokuja.

Kitandani alilala fundi wa mapazia. Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, na sifa yake ya pili baada ya ufundi ilikuwa urefu: alitundika pazia bila kupanda ngazi. Vidonda vya tumbo vilivyomsumbua miaka mingi vilikuwa vimeacha kovu, kovu likaziba mlango wa kutokea chakula, ikawa kila anachokula anakirudisha. Daktari wa upasuaji alimtengenezea njia nyingine, kutoka tumboni moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Kazi ilikwenda vizuri, watu wakapeana mikono. Kisha, siku si nyingi baadaye, mgonjwa akaanza kupotewa na maneno. Sasa ukimwita aliitika "Mm" kama mtu aliye chumba cha pili, akarudi usingizini.

Afande alimfunua jicho, akauangalia weupe wake. Manjano yalikuwepo, ila ya kutafuta kwa tochi. Akanyanyua uso kwenye chupa ya dripu iliyokuwa ikidondoka, ya dawa ya maumivu, parasetamoli, akaifunga koki bila kumwomba mtu ruhusa.

"Hiyo nayo imekukosea nini?" daktari wa upasuaji akauliza.

"Bado haijanikosea. Ini likiwa hivi, hata maji yaingie kwa ruhusa yangu. Vipimo vinasemaje?"

"Vimeng'enya vya ini vimefika maelfu. Damu haigandi inavyotakiwa." Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa ameificha yote miwili mifukoni. "Nadhani nimefunga mrija wa nyongo. Unapita hapo hapo nilipokuwa nikishona. Picha haikuonyesha kitu, tumbo limejaa hewa. Kama nimeufunga, nitaufungua. Siwezi kukaa nikimtazama mtu anakufa kwa uzi wangu mwenyewe."

"Ukimfungua na damu isiyoganda, atakwisha mezani."

"Najua."

"Na mrija ukizibwa, ini huwa halilalamiki hivi. Mgonjwa huwa manjano kweli kweli, na kile kimeng'enya cha mirija hupanda kuliko vyote. Hapa cha mirija kimetulia, seli zenyewe ndizo zimepasuka. Huyu hakuzibwa. Huyu amepigwa."

"Amepigwa na nani?"

"Nipe hadi mchana nikujibu."

Daktari wa upasuaji alimtazama, akamtazama mgonjwa, akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa na imani hata chembe, na uso wake haukujua kuficha kitu.

Afande hakuanza na watu. Alianza na chupa ile aliyoifunga. Parasetamoli ikizidi hulipiga ini kwa namna hii hasa: seli kupasuka, manjano kidogo, damu kukataa kuganda. Lakini alipiga hesabu akaambulia patupu. Mgonjwa alikuwa amepimwa kilo hamsini na moja. Sheria ya dawa hiyo ilijulikana hata kwa wanafunzi: aliye chini ya kilo hamsini hupimiwa kwa uzito wake; aliye juu, chupa nzima kila baada ya saa sita. Mama Mapazia alipewa chupa nzima kila baada ya saa sita. Halali kabisa. Dawa ya kumwokoa mtu na sumu ya parasetamoli ilikuwepo, lakini famasi ilikuwa imebakiwa na ya mtu mmoja tu, na haikuwa ya kumwagwa kwa kubahatisha. Kuipima kwenye damu wakati ule kusingesema lolote, kwani ilikuwa imetoka tu kuingia. Akaiweka parasetamoli pembeni, akatafuta mshukiwa mwingine.

Mshukiwa aliletwa kabla hajauliza.

"Afande, usijisumbue," alisema Sista, muuguzi mkuu wa wodi, mama wa makamo aliyetembea na funguo kiunoni. "Mwuaji ninaye."

Alifungua droo yake, akatoa chupa ya chai ya bluu, akaiweka mezani kwa vidole viwili. Akageuka mlangoni akaita. Waliingia watu wawili. Wa kwanza alikuwa mume wa mgonjwa, kinyozi, shati limepigwa pasi na macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Wa pili alikuwa mke wa mwanawe, binti aliyevimba macho kwa kulia. Walisimama mbalimbali. Ilionekana wazi kwamba mkwe na baba mkwe hawakuwa wakisemezana.

"Kaa, binti," Afande alisema.

Kiti cha pekee kilikuwa na begi juu yake. Kinyozi alilinyanyua ampishe, mkanda ukamponyoka, begi likaanguka sakafuni. *Puu!* Glasi iliyokuwa juu ya kabati la mgonjwa ikatetemeka.

"Mmebeba tofali humo?" Sista akafoka.

"Nguo zake tu, Sista. Gauni alilokuja nalo." Kinyozi alilisukuma begi kwa mguu hadi chini ya kitanda, na aibu ikamjaa.

Afande alikuwa ameshafungua chupa ya chai na kuinusa. Maji meusi, harufu ya majani na udongo.

"Hii ni nini?"

"Majani, dakta," binti akajibu. "Mama yangu ndiye huyachemsha. Ya kutuliza tumbo."

"Ulimpa kiasi gani?"

"Kijiko. Akakitema."

"Kimoja?" Sista akadakia. "Na aliyekuona na kikombe aliota?"

"Kikombe kilikuwa cha maji ya kusukutua! Sista, niapishe utakavyo, sina uchawi wala sina chuki. Huyu ndiye aliyenishonea hata gauni la harusi yangu. Nimwue kwa lipi?"

"Nimeshakwambia usirudi nyumbani kwangu," kinyozi alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Maneno mengine utawaambia wanaohusika."

Binti alimkazia macho baba mkwe wake. Kisha, kufumba na kufumbua, akanyakua ile chupa mikononi mwa Afande, akaipiga funda tatu kubwa.

"Nani amekuruhusu kunywa ushahidi?" Afande alimpokonya. "Nirudishie! Sista, andaa kitanda cha pili, asije akatuangukia hapa." Lakini sauti yake ilikuwa imelainika kidogo. Mwenye hatia humwaga ushahidi, haunywi.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kumwachia mshukiwa kwa sababu ya machozi. "Hicho kijiko ulimpa kabla au baada ya kutolewa ule mpira wa puani, wa kunyonya maji ya tumboni?"

"Baada. Kabla ya hapo angemezaje? Ilikuwa jioni ile ile walipomtoa."

Afande alinyanyua simu ya wodi, akaomba maabara. "Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, wodi ya upasuaji. Siku ya pili baada ya operesheni alitolewa damu ya kupimwa chumvi. Iliyobaki ipo?... Kwenye friji? Usiimwage. Ipime ini. Nasubiri hapa hapa, sikati simu."

Akasubiri kweli, mkono kwenye simu, macho kwa binti. Kinyozi alihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule. Sista alipanga funguo zake, akazipangua. Simu ilipokwaruza tena, Afande alisikiliza, akasema "asante", akaiweka chini taratibu.

"Damu ile ilitolewa mpira ungali puani, kabla ya kijiko chochote. Ini lilikuwa limeshaanza kuumia." Alimgeukia kinyozi. "Mzee, mkwe wako hana kosa. Kumpa mgonjwa wa operesheni majani bila kuuliza ni ujinga, na nitamsema kwa ujinga huo baadaye. Ila ini hili hakulipiga yeye."

Binti aliketi kwenye kiti akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti.

Sista alikunja uso. Alikuwa amepoteza mwuaji wake na hakupenda. "Sasa nani?"

"Kama jeraha lilianza mapema hivyo, aliyelifanya alikuwa chumba cha upasuaji, au aliingilia mshipani. Daktari wa usingizi yuko wapi?"

Daktari wa usingizi alikuwa kwenye korido ya chumba cha upasuaji, kikombe cha chai mkononi, kofia ya kijani imemkaa upande. Alikuwa mcheshi, na hospitali nzima ilimpenda kwa sababu wote waliomjua vizuri walikuwa wamelala.

"Najua umekuja kunikamata," alisema. "Presha haikuporomoka hata mara moja. Damu ilimfika kila mahali, ini likiwemo. Na dawa niliyompulizia si ile unayoiwaza. Ile ya kuharibu maini tuliiacha zamani."

"Virusi wamepima, hawapo. Aliongezewa damu?"

"Hata tone."

"Basi niambie kitu ambacho hakikukaa sawa. Hata kama ni kidogo, hata kama ni cha kijinga."

Daktari wa usingizi alikunywa chai, akafikiri. "Alichelewa kuamka. Nilimpigia hesabu yake ya kilo hamsini na moja, akalala utadhani nimempa dozi ya mtu na robo. Dawa ya kulegeza misuli nayo ikagoma kumtoka. Nikakaa naye, nikamwimbia, mwishowe akaamka. Nikasema ndivyo alivyo. Kuna watu dawa huwapenda."

"Hukuona kwamba amekonda?"

"Mtu mrefu vile utamwonaje mnene? Nilimwona mwembamba, nikauliza uzito, nikaambiwa hamsini na moja. Nikajua ana mifupa mizito. Mzani umeshasema, mimi ni nani nibishane nao?"

Afande alimshukuru, akaondoka. Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, kwenye ya tatu akasimama katikati, mhudumu aliyebeba mashuka nusura amgonge.

Dozi ya mtu na robo. Dawa ya usingizi ilimlemea, ya misuli ikamlemea, na ini likaungua kwa parasetamoli iliyokuwa halali kwa kilo hamsini na moja. Dawa tatu tofauti, kutoka mikono miwili tofauti, zote zilimwona mgonjwa huyu kuwa mdogo kuliko alivyopimwa. Dawa hazina njama. Kama zote tatu zilikubaliana, aliyedanganya ni mzani.

Na nguo, alijiambia, haziangukii sakafu kwa kishindo.

Alirudi wodini kwa mwendo ambao wauguzi hawakuwahi kuuona kwake. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshafika na alikuwa akimwandaa mgonjwa apelekwe. Machela ilikuwa mlangoni.

"Muda wako umekwisha," alisema.

"Swali moja."

"Wewe huna swali moja."

"Mgonjwa huyu ulimpokea mara ya kwanza alipokuja?"

Daktari wa upasuaji alisita. "Hapana. Alikuja amekauka. Mwili uliokauka kidonda hakishiki, nyuzi zinaachia. Nilimwambia aende akale, akifika kilo hamsini arudi. Akarudi, hajafika. Nikamrudisha tena."

"Na mara ya tatu?"

"Hamsini na moja. Nilifurahi, hata nilimpongeza."

"Mara ya pili alikuwa na kilo ngapi?"

"Arobaini na moja hivi."

Afande hakumung'unya maneno. "Mwanamke ambaye mlango wa tumbo umezibwa, anayerudisha kila anachokula, aliongezeka kilo kumi. Alizila wapi, daktari?"

Daktari wa upasuaji alitoa mikono mifukoni, na haikuwa na pa kwenda.

"Alisema ni maziwa," akajibu, kisha akasikia mwenyewe alichokisema.

"Sista, aliyempima pale kliniki alimpima na nguo?"

"Wote hupimwa na nguo, Afande. Viatu ndivyo huvuliwa." Sista aliinua macho, akikumbuka. "Mimi ndiye nilikuwa zamu. Alikuja na gauni refu, zuri, la pindo pana. Akatembea kwa madaha kama bibi harusi, polepole. Nikamwambia, mama, leo umependeza."

Afande aliinama, akalivuta begi kutoka chini ya kitanda kwa mikono miwili. Alilitoa gauni, akaomba mkasi. Daktari wa upasuaji alimpa wake bila kuuliza. Pindo lilikuwa la tabaka mbili, na ndani ya kiuno kulikuwa na mkanda mpana wa kitambaa kile kile. Alipochana uzi wa kwanza, kipande cha chuma, kizito, cha ukubwa wa kidole gumba, kilianguka kiganjani mwake. Kikafuata cha pili. Cha tatu.

"Vyuma vya mapazia," mkwe alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Vya kuweka chini ili pazia lianguke wima. Dukani kwake kuna debe zima."

Kila chuma kilikuwa na kijifuko chake, kimeshonwa pande zote ili kisigongane na mwenzake kikatoa sauti. Mistari mitatu ya vifuko kuzunguka pindo, miwili kwenye mkanda wa kiuno, mishono midogo iliyonyooka. Ulikuwa udanganyifu, na ulikuwa umeshonwa vizuri mno. Afande, ambaye hakuwahi kufaulu hata kurudishia kifungo, alishindwa kujizuia kuupitishia kidole.

Wakaliweka gauni na vyuma vyake vyote kwenye mzani wa korido. Kilo kumi na moja.

"Gauni si ushahidi wa leo," Afande alisema. "Nataka uzito wake yeye, sasa hivi. Hawezi kusimama. Mzee, panda kwenye mzani."

Kinyozi alipanda. Sabini na mbili. "Shuka. Kambebe mke wako."

"Nimbebe?"

"Mbebe upande naye. Sista atashika dripu."

Kinyozi aliinama kitandani, akajikaza kama mtu anayekwenda kunyanyua gunia, akapitisha mkono mmoja chini ya mabega na mwingine chini ya magoti. Akanyanyua. Nguvu alizoziandaa zilikuwa nyingi mno, nusura ayumbe kwenda nyuma. Akasimama katikati ya wodi na mke wake mikononi, uso wake ukabadilika.

"Mama Mapazia," alisema. "Mbona hivi? Mbona hivi, mke wangu?"

Alikuwa hajamgusa muda mrefu. Mke alihamia chumba cha cherehani, akasema kutapika kwake kunamnyima mume usingizi, na mume akashukuru kwa huruma hiyo. Mchana alivaa nguo juu ya nguo akidai baridi. Kinyozi alijua vichwa vya mtaa mzima kwa kuvishika, na huyu wa nyumbani kwake hakujua amebaki mifupa. Alipanda kwenye mzani akilia wazi wazi, bila kujifuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Mia moja na kumi na moja.

"Thelathini na tisa," Afande alisema. Hakutaka kupaza sauti, lakini ilipaa yenyewe. "Kilo thelathini na tisa, mwili umekauka kwa njaa, ini halina akiba hata ya kujitetea, na sisi tukampa chupa nzima tangu siku ya kwanza! Hakuna mrija uliofungwa. Hakuna majani. Ni parasetamoli ya mtu ambaye hayupo."

"Una hakika?" daktari wa upasuaji aliuliza. Alikuwa amebadilika rangi.

"Nitakuwa nayo sasa hivi." Alishachukua sindano. Kinyozi akamrudisha mkewe kitandani, Afande akatoa damu, akamkabidhi mhudumu, akamwambia akimbie. Maabara ile ilijua kupima parasetamoli, kwa sababu ya wale wanaoimeza kwa viganja. Jibu lilirudi machela ingali mlangoni: chupa ya mwisho ilifungwa koki tangu asubuhi, na kwenye damu dawa ilipaswa kuwa imebaki kidogo sana. Ilikuwa imejaa tele.

Afande aliisoma namba ile mara mbili, akampa mwenzake aisome.

"Rudisha machela yako," alisema. "Uzi wako hauna kosa lolote."

Daktari wa upasuaji aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha pili, kilichokuwa kitupu, jambo ambalo aliwakataza wanafunzi wake kila siku. Alifunika uso kwa ile mikono yake mikubwa. Alipoifunua alikuwa ameshasimama na anatoa amri, akienda famasi mwenyewe kwa mguu kuchukua dawa ile ya mtu mmoja. Iliposhikizwa kwenye dripu, harufu yake ya mayai viza ilienea hadi korido, mgonjwa wa kitanda cha jirani akalalamika. Sista akamwambia hiyo ndiyo harufu ya uhai, avute pumzi anyamaze.

Mchana ukapita bila kisu. Jioni damu ilikuwa pale pale, haijawa bora wala mbaya zaidi, na Afande akawaambia kwamba kusimama pale pale ni ushindi. Asubuhi iliyofuata damu ilianza kuganda. Vimeng'enya vilikuwa vinashuka. Daktari wa upasuaji alizunguka na jibu la maabara akimwonyesha kila mtu, hata mfagiaji ambaye hakuwa ameuliza. Kinyozi alimkuta mkwe wake kwenye benchi la nje, akasimama mbele yake.

"Mwanangu, nimekukosea."

"Yamekwisha, Baba."

"Hayajakwisha. Mama yako akiamka nitamwambia mbele yako nilichokuambia, anitukane vizuri. Matusi anayajua yeye."

Mama Mapazia aliamka siku iliyofuata, jua limeshapanda. Alifungua macho, akayazungusha kwenye dari, kwenye ukuta, yakatua kwenye gauni lililotundikwa kwenye msumari, pindo limening'inia nyuzi.

"Nani amenichania gauni?" akauliza, sauti kavu lakini kamili.

Wodi nzima ilicheka, na kinyozi alicheka kuliko wote huku machozi yanamtoka.

"Mimi," Afande alisema, akavuta kiti chake. "Na una kesi ya kujibu, mama. Unajua kwamba vyuma vile nusura vikuzike?"

Mama Mapazia alimtazama mume wake, akamtazama daktari wa upasuaji, akaona wote wameshajua. Akavuta shuka hadi kifuani.

"Nilirudishwa mara mbili," alisema. "Naambiwa nenda ukale. Nile nini, na nikila kinarudi? Ningeambiwa hivyo mara ya tatu, ya nne, nikafa nikiwa njiani kwenda kupimwa. Nikaona bora nife nimepasuliwa. Kama kilikuwa kinatakiwa kitu kizito, nilikuwa nacho dukani."

Daktari wa upasuaji ndiye aliyesogea.

"Nilikuwekea namba mlangoni," alisema. "Ilinipasa nikulaze hapa, nikulishe kwa mpira unaopita pale palipoziba, hadi ufike hamsini mikononi mwangu. Badala yake nilikufukuza ukajitafutie. Wewe ulinidanganya uzito, mama, lakini mimi ndiye niliyekufundisha. Nisamehe."

"Wewe ulinishona vizuri?"

"Nilikushona vizuri."

"Basi tumesameheana."

Afande alinyanyuka akaenda dirishani. Alikuwa na furaha kubwa, hakutaka waione ikamharibia jina.

Kulibaki jambo moja, na halikuwa la ini. Kazi yote ile, kisu, uzi, sumu, hofu, ilifanywa ili mwanamke huyu aweze kula, na hadi siku ile hakuna aliyejua kama njia mpya inapitisha. Sista alileta kikombe cha maziwa ya vuguvugu. Mkwe akampandishia mto mgongoni. Mama Mapazia alikishika kwa mikono yote miwili, akanywa funda dogo, akasubiri. Miezi mingi mwili wake ulikuwa umemzoesha kungoja kirudi.

Hakikurudi.

Akanywa la pili. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshika chuma cha kitanda, midomo inamcheza kwa kuhesabu. Daktari wa usingizi alichungulia mlangoni na kofia yake ya upande. Kinyozi hakupumua. Funda la tatu, la nne, kisha akakiinamisha kikombe chote, koo likapanda na kushuka, hadi wakaona kitako chake. Akakiweka mapajani. Akatulia, kichwa ameinamisha, akisikiliza tumbo lake, na wote wakalisikiliza pamoja naye.

"Kimekwenda," alisema taratibu. Akainua uso. "Kimekwenda! Sasa mbona mnanikodolea macho? Ongezeni."